Wimbi Lisilo na Mama

Neijen alikuwa mbishi wa kuzaliwa, na hapa Ailuk jambo hilo halihitaji shahidi. Angebishana hata na jogoo juu ya saa ya kuwika. Mama yake alizoea kusema kwamba alitoka tumboni amekunja ngumi, na mkunga akacheka akasema, huyu mmempata. Lakini waliompata kwa miaka mingi ni mabaharia wa meli ya mbata, kwa kuwa alipofika umri wa kuolewa aliwakataa wachumba wawili wa maana, akapanda meli na kuwa mpishi. Alivizunguka visiwa vyetu vyote vya Marshall na sufuria zake. Meli ikitaka kulalia ubavu, yeye alikuwa ameshaushika mpini wa sufuria kabla haijaanza kuteleza, na akiulizwa amejuaje, alijibu kwamba miguu ndiyo iliyomwambia. Hakuna aliyelitilia maanani jibu hilo, hata yeye mwenyewe.

Meli ilipozeeka ikaachwa iliwe na kutu, Neijen alirudi nyumbani. Alirudi na goti bovu, sanduku moja la nguo, na mdomo uleule.

Nyumbani alimkuta mjomba wake Lejolan amenuna. Mzee huyu alikuwa mjuzi wa mawimbi, wa mwisho katika ukoo wao, na kwetu ujuzi huo hupitia tumboni mwa wanawake: mwanamume hamfundishi mwanawe wa kumzaa, huwafundisha watoto wa dada yake. Na hata hao hawafundishwi ovyo. Mtemi ndiye mwenye kutoa ruhusa, na anayefundishwa hufunga mdomo mpaka siku atakapopelekwa baharini kujaribiwa. Akifaulu anaitwa ri-meto, mjuzi wa bahari, na hapo ndipo anaporuhusiwa kuongoza chombo kwa jina lake na kumfundisha mwingine. Asipofaulu, anachokijua atazikwa nacho.

Lejolan alikuwa amemwandaa kaka yake Neijen. Kaka akapanda ndege kwenda Arkansas, huko Amerika, kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, akaahidi kurudi Krismasi. Krismasi zimepita nyingi tangu hapo. Mzee alimeza hasira zake mpaka asubuhi moja alipokuja kusimama kwenye mlango wa jiko la Neijen, akimtazama anavyokuna nazi.

"Mwanamume wenu kaenda kuchuna kuku," alisema. "Kabaki nani?"

"Nimebaki mimi."

"Wewe una goti bovu."

"Kwani mawimbi yanasomwa kwa goti, Mjomba?"

"Yanasomwa kwa mgongo."

"Basi mgongo ninao," Neijen alisema, akaendelea kukuna nazi yake.

Mtemi aliporidhia, masomo yalianza majini. Mzee alimfunga kamba kiunoni, akampeleka upande wa nje wa mwamba kunakopiga bahari kuu, akamlaza chali aelee, na mwenyewe akaketi mtumbwini akivua samaki kana kwamba kilichofungwa kwenye ile kamba ni chambo. Kila baada ya muda aliuliza: hilo limetoka wapi? Neijen akikosea, kamba ilivutwa na maji yakamwingia puani. Mwanamke mtu mzima, mwenye mvi, aliyewahi kumtia adabu nahodha mlevi kwa mwiko, alitoswa na kuopolewa kama nguo inayosuuzwa. Jioni alirudi nyumbani macho mekundu na hasira zimempanda utosini, na kesho yake alikwenda tena.

Siku za mwanzo alidhani wimbi ni maji yanayotembea. Mzee hakumbishia. Alitupa nazi baharini, akamwambia aitazame inakokwenda. Nazi ilipanda, ikashuka, ikapanda tena palepale, mawimbi yakipita chini yake moja baada ya jingine.

"Haiendi," Neijen alisema.

"Basi na maji hayaendi. Upepo huko mbali unayakwaruza maji, yanajikunja, mkunjo mmoja unasukuma wa pili, wa pili unasukuma wa tatu. Kinachosafiri ni ule msukumo. Upepo wenyewe unaweza kuwa umeshakufa siku nyingi, na msukumo wake ndio kwanza unapita chini ya mgongo wako."

"Na mkondo?"

"Mkondo ni mwizi. Huo ndio unaobeba maji yenyewe, na wewe ukiwa ndani, na hausemi kitu. Wimbi ni mgeni mpita njia, anabisha hodi na kwenda zake. Mkondo unaihamisha nyumba wewe umelala."

Mgongo ulijifunza pole pole. Ulilijua wimbi la mashariki, mtoto wa ule upepo unaovuma kwetu karibu mwaka mzima, zito na lenye haraka, lisilolala. Ukalijua la kusini, la kaskazini, na la magharibi lililo hafifu kuliko yote, ambalo miezi mingine halisikiki kabisa. Kisha ukajifunza kilicho kigumu zaidi, kwamba wimbi likigonga kisiwa haliishii hapo. Sehemu yake hujipinda ikakizunguka kisiwa, na sehemu hurudi lilikotoka kama wimbi jingine, dogo na lililochoka, lakini kwa mwendo uleule wa mama yake. Lejolan aliliita mtoto. Anayeweza kuwatambua watoto kati ya mama zao anajua kisiwa kiko wapi kabla jicho halijaona hata jani la mnazi.

Yote hayo Neijen aliyaweka kifuani, naye alikuwa mtu asiyeweza kuficha hata bei ya sukari. Aliyemtesa zaidi ni Totwan, mtoto wa Lejolan wa kumzaa. Binamu wa namna hiyo kwetu ni mtani, anaruhusiwa kusema lolote na huna ruhusa ya kununa. Totwan alikuwa fundi wa tanga kuliko wote kisiwani, lakini mawimbi ya baba yake hayakuwa haki yake, na badala ya kulia juu ya hilo alilifanyia mzaha kila siku. "Dada," alikuwa akimwuliza Neijen, "leo bahari imekwambia nini? Nami niambie, nitalala kifudifudi nisisikie."

Jaribio la kwanza lilimwaibisha. Walitoka Ailuk kwenda Utrik, kisiwa kilicho kaskazini kwetu, safari ya mchana na usiku wake kwa ngalawa yenye upepo mzuri. Chomboni alikuwamo Lerooj Patlina, mtemi wetu wa kike, mwanamke mnene wa maneno machache, pamoja na mikeka ya zawadi kwa ndugu zake wa Utrik. Neijen aliyasoma mawimbi vizuri, akamkuta mtoto wa wimbi akirudi, akamfuata kwa furaha. Alichosahau ni yule mwizi. Mkondo wa huku husukuma magharibi karibu wakati wote, na usiku kucha uliwasukuma bila kusema kitu. Asubuhi aliona minazi na kushangilia, kisha ngalawa ikateremka kwenye kile kisiwa jirani cha Utrik kisichokaliwa na mtu hata mmoja. Waliokuja kuwapokea walikuwa kaa wa minazi.

Lerooj aliketi mchangani na mikeka yake, akamtazama kaa mmoja mkubwa, akasema kwamba wenyeji wa hapa wana mikono mizito. Hakusema zaidi. Totwan ndiye aliyesema zaidi, na kabla ya wiki kwisha kisiwa kizima kilikuwa kikimwita Neijen Mgeni wa Kaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, sawa, lakini mhunzi mwenyewe alilia wiki nzima jikoni akiusingizia moshi.

Kisha ukaja ule mwaka upepo wa mashariki ulipochoka.

Sisi tunaukumbuka kwa kiu. Kwa kawaida upepo ule huyasukuma maji ya moto ya juu ya bahari kwenda magharibi, na huko yanarundikana, kama maji ya beseni lililoinamishwa. Ukilegea, beseni linakaa sawa, na maji yale yanaanza kurudi mashariki. Na mvua huyafuata maji ya moto kama paka anavyomfuata mwenye samaki. Redio ya Majuro, mji wetu mkuu, ilitutangazia mapema kwamba mwaka utakuwa wa namna hiyo, na kwa bahati mbaya redio ilisema kweli. Matangi yalikauka. Mashelisheli yalianguka machanga, matunda ya mkadi yalikuwa makavu ya kumkwaruza mtu koo, na watu walifua kwa maji ya chumvi. Mzee Lejolan alianza kukohoa wakati huo, kikohozi kile kinachoanza kifuani na kuishia magotini.

Neijen alipoomba ajaribiwe tena, watu walidhani kiu imempanda kichwani. Lejolan mwenyewe alisema bahari ya mwaka huu ina homa, isubiriwe ipone. Lakini desturi inataka mwalimu awemo chomboni siku ya jaribio, amenyamaza, mzima na macho yake mawili. Lerooj Patlina alimsikiliza mzee akikohoa mpaka akamaliza, ndipo akatoa kauli yake.

"Nitapanda mara hii," alisema, "na sitapanda tena. Si kwa sababu ya kaa. Ni kwa sababu ya kifua hicho."

Kila mtu alielewa. Mzee akienda kabla Neijen hajaitwa ri-meto, Neijen atabaki na bahari nzima mgongoni na hataruhusiwa kumpa mtu hata tone. Ukoo utakuwa umekwisha kwa jambo hilo, naye ndiye atakayekuwa amekaa nalo likioza. Aliogopa, na hakumficha mama yake kwamba anaogopa. Mama yake akamfungia shelisheli lililochachushwa, akamwambia mwoga naye hula.

Waliondoka asubuhi wakiwa wanne. Neijen ndiye mwongozaji, Totwan yuko kwenye tanga, Lerooj ameketi katikati na redio ya mkononi iliyofungwa kwenye plastiki. Ikiwashwa hiyo kuita msaada, jaribio limekwisha. Lejolan aliwekwa karibu na mlingoti amefunikwa shuka, mdomo umefungwa kwa desturi, kikohozi peke yake kikiwa na ruhusa ya kutoka.

Kaa walikuwa wamemfundisha Neijen. Safari hii aliielekeza omo, yaani pua ya ngalawa, mashariki zaidi ya kisiwa chenyewe, ili yule mwizi akishawasukuma magharibi, wajikute mahali pake. Upepo ulikuwa dhaifu. Walitambaa mchana kutwa na usiku kucha, na kulipopambazuka hapakuwa na kitu. Jua likapanda. Bado hapakuwa na kitu, ila maji, na ngalawa iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa mtu anayetafuta kiatu.

"Dada," Totwan alisema, "kama tumeshafika Amerika niambie nivae shati."

Neijen alikuwa amelisikia wimbi.

Lilitoka kushoto, magharibi, likaunyanyua ubavu wa ngalawa ulio mkabala na ndubi, yaani lile gogo la pembeni linaloshika mizani. Likapita, na baada ya muda likaja jingine. Kwa mafundisho yote ya Lejolan, wimbi la kueleweka kutoka upande ule maana yake ni moja. Wimbi la mashariki limegonga kisiwa na sasa linarudi. Kisiwa kiko kushoto, na hakiko mbali. Hata asiyefundishwa angelisikia lile, kwa jinsi lilivyokuwa na nguvu. Moyo wa Neijen uliruka. Kugeuka kushoto ni kwenda na upepo, tanga lijae, chombo kikimbie, na jua litue wakiwa wanakunywa nazi Utrik. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

Hapo akaona mguu wa mjomba wake. Ulikuwa umetoka kwenye shuka, nao ulielekea magharibi, na kidole gumba kilikuwa kikigonga ubao taratibu. Mzee macho yake yalikuwa mbali, kama mtu asiyejua kwamba ana mguu. Lakini Neijen alimjua kila kiungo. Lejolan, aliyemtosa majini mara zisizo na hesabu kwa kosa dogo kuliko punje, alikuwa anavunja desturi ili amwokoe. Anamwambia: geuka, mwanangu, umefika.

Na ni kidole kile kilichomtia shaka. Neijen alikuwa mbishi, nimeshasema. Kuambiwa kulimfanya atake kuhakikisha mwenyewe, kama alivyokuwa tangu utotoni, akiambiwa chungu ni cha moto lazima akiguse. Alimpa Totwan kasia la usukani, akajilaza chali kwenye tumbo la ngalawa, ndani ya maji yaliyovuja, akafumba macho.

Wimbi la mashariki alilitambua mara moja, ingawa lilikuwa limekonda kwa uchovu wa upepo wake: fupi fupi, la haraka. Akalisubiri la magharibi. Lilikuja pole pole, likamnyanyua, likakaa naye juu kwa muda kama mtu anayevuta pumzi, kisha likamlaza. Akalisubiri tena. Mtoto anayerudi kutoka mwambani hutembea mwendo wa mama yake, hata akiwa mdogo namna gani. Huyu alikuwa na mwendo wake mwenyewe, mrefu, wa mtu aliyetoka mbali na asiye na haraka. Na jambo jingine: mtoto wa wimbi hukua kadiri unavyokikaribia kisiwa. Neijen akairudisha nyuma asubuhi yake yote, akakumbuka kwamba tangu kupambazuke lilikuwa likimgusa kiunoni, na lilikuwa kubwa vilevile kama sasa. Halikuwa limetoka kisiwani. Lilikuwa wimbi la magharibi lenyewe, lile hafifu lisilosikika, lililonenepa kwa kuwa upepo wa mwaka huu umegeuka huko mbali kunakotua jua na kuisukuma bahari kinyume. Lilikuwapo kila mahali. Halikuwa na habari ya nchi yoyote.

Akaendelea kulala. Totwan alimwuliza kama amekufa aandae wimbo, naye akamwambia anyamaze. Chini ya yule mgeni, chini ya la mashariki, kulikuwa na kitu kidogo, mtetemo wa kuja kutoka mbele, kushoto kidogo. Aliupoteza, akaupata, akaupoteza tena. Mwendo wake ulikuwa wa wimbi la kusini, ule mzito wa polepole, umepungukiwa nguvu lakini haukupungukiwa hatua. Mama anapita chini yake akienda kaskazini, na mtoto huyu anarudi. Basi mbele kuna ukuta.

Na hapo akaelewa na kosa lake mwenyewe. Alikuwa amekwepa mwizi ambaye mwaka huu hakutoka nyumbani. Upepo umechoka, na mkondo unaosukumwa na upepo umelala nao, kwa hiyo hawakusukumwa magharibi hata kidogo. Wako mashariki ya njia, palepale alipowaweka, na Utrik iko mbele, kushoto kidogo. Kugeuka magharibi sasa ni kupita kusini yake na kwenda kuwaamkia kaa.

Aliinuka maji yakimchuruzika mgongoni.

"Mbele," alisema. "Kushoto kidogo tu, kama unaepuka kumkanyaga mtu."

Totwan alimtazama, akautazama mguu wa baba yake, akamtazama tena. "Dada, mimi sijui kitu, na siruhusiwi kujua. Lakini hata makalio yangu yamelisikia hilo la magharibi."

"Nimelisikia na mimi."

"Basi?"

"Halina mama humu."

"Haya," Totwan alisema, akaivuta kamba ya tanga. "Na sisi tutakuwa yatima."

Kidole gumba cha Lejolan kiligonga ubao tena, safari hii kwa hasira, na mguu mzima ukasogea magharibi. Huyu ndiye aliyemfundisha kila alichokijua, na sasa kila alichokijua kilikuwa kinabishana naye. Akikaa kimya, atakuwa amekubali kusaidiwa. Akisema, Lerooj atajua na jaribio litaharibika. Alisema.

"Mjomba, mguu wako umekufa ganzi? Ukunje."

Lerooj Patlina, ambaye wote walidhani amelala, alifungua jicho moja. Aliutazama mguu, kisha akamtazama Neijen kwa muda mrefu. Halafu akavuta mkeka mmoja wa zawadi akaurusha juu ya miguu ya mzee.

"Mzee anasikia baridi," alisema. "Afunikwe." Akafumba jicho lake.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko yote aliyopata kuishi Neijen. Aliukaa kwa mashaka, na asingekubali mtu aseme vinginevyo. Mara mbili aliupoteza ule mtetemo kabisa akabaki na lile la magharibi likimnyanyua kwa upole, likimwita. Aliwaza kaka yake na kuku wake huko Arkansas, akamwonea wivu. Aliwaza kwamba jua likishuka Lerooj ataifungua ile plastiki na kuiwasha redio, na sauti ya kijana fulani wa Majuro itawauliza wako wapi, naye atalazimika kusema hajui. Akapiga magoti kwenye lile goti bovu, akaweka kiganja kwenye ubao, akangoja.

Mtetemo ulirudi. Ukawa mguso, mguso ukawa kofi dogo la wazi kwenye omo, na kila lilipokuja lilikuwa limekua. Kisha mawimbi yaliyojipinda kukizunguka kisiwa yakaanza kugongana, moja kulia na jingine kushoto, na ngalawa ikawa inatikisika pande zote mbili kama mtoto anayebembelezwa na bibi wawili wasiopatana. Neijen alicheka peke yake.

Totwan alipanda mlingoti bila kuagizwa. Aliposhuka macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Minazi," alisema.

"Ya nani?" Lerooj aliuliza, bila kufungua macho.

"Ina moshi chini yake, Lerooj. Kaa hawapiki."

Waliingia Utrik kabla jua halijazama, tanga limejaa pumzi ya mwisho ya upepo. Kelele zilikuwa zimetangulia. Mtu aliwaona, na ufuo ulijaa watu kabla ngalawa haijavuka lango la mwamba. Wanawake waliingia majini na nguo zao wakiimba na kupiga makofi, wakaishika ngalawa kwa mikono kana kwamba ingetoroka, wakaivuta mpaka mchangani. Mwaka ule nao walikuwa na kiu kama sisi, lakini madafu yalitoka, na samaki, na wali. Wazee walitaka kuambiwa mara mbili kwamba chombo kilikuja bila dira na bila injini, katika bahari ya mwaka huu. Neijen alibebwa. Mwanamke mzito, mwenye mvi na goti bovu, alinyanyuliwa juu mabegani kama bibi harusi, akipiga kelele wamshushe na asitake washike maneno yake.

Lerooj Patlina alisimama mchangani, kelele zikatulia. Aliuliza swali linaloulizwa tangu zamani, nani aliyeileta ngalawa hii. Neijen akajibu kwa sauti, kwa jina lake, na jina la mama yake, na la bibi yake, na la mama wa bibi, mpaka alipofika kwa yule wa kwanza kuja na mawimbi hayo tumboni. Lerooj akavua shada la maua kichwani mwake, akamvika.

"Ri-meto," alisema. "Ongoza. Fundisha."

Ufuo ulilipuka tena, na Neijen alilia waziwazi, pasipo moshi wa kusingizia.

Lakini ilikuwa bado jambo moja. Mwalimu naye lazima atoe ushahidi wake, akubali au akatae. Totwan alimbeba baba yake mpaka mbele, akamkalisha kwenye mkeka. Lejolan alikohoa, akajifuta mdomo. Neijen alisimama mbele yake akingoja kusikia ni wapi alichelewa, ni wapi alistahili kuvutwa kamba, maana hajawahi kusifiwa na mtu huyu hata siku moja.

"Pale mchana," mzee alisema, "mimi ningegeuza."

Watu hawakuelewa. Lerooj alielewa, na Totwan.

"Nimeyasoma maji haya tangu sijaota ndevu," Lejolan aliendelea, "na lile wimbi sikulijua. Nililiona ni mtoto. Huyu alilala chini akalikana, na mimi mwalimu wake namwonyesha njia ya kupotea." Alimtazama Neijen. "Sasa una ruhusa ya kufundisha, sivyo?"

"Ninayo, Mjomba."

"Basi lete kamba. Anza na mimi."

Kesho yake asubuhi, upande wa nje wa mwamba wa Utrik, Neijen alimfunga mjomba wake kamba kiunoni na kumlaza chali juu ya bahari, akaishika kamba kwa mikono miwili, akamwuliza limetoka wapi hilo.